Kioo cha jicho hakina damu hata tone: kinaishije, na kwa nini kikiumia huacha alama nyeupe?

#1 Kijana wa Uyole
Habari zenu wana jukwaa. Juzi tulikuwa tunavunja mahindi, na jani kavu likamchapa mdogo wangu jichoni. Siku ya kwanza hatukulitilia maanani kwa sababu damu haikutoka. Siku ya pili jicho likawa jekundu, machozi yanamtiririka, hawezi kutazama dirishani, ndipo tukampeleka kliniki ya macho. Daktari alichukua kikaratasi chembamba chenye ncha ya rangi ya chungwa, akakigusisha ndani ya kope la chini, kisha akamulika kwa taa ya bluu. Nilisogezwa nikaona mwenyewe: mstari wa kijani unaong'aa, mfupi kama punje ya mchele iliyolazwa, juu ya kile kioo kilicho mbele ya mboni. Akatuambia kwamba pale damu isingetoka hata jani lingekata zaidi, kwa kuwa konea, yaani hicho kioo, haina mshipa wa damu hata mmoja, na kwamba jeraha likiwa limezama huenda likapona na kuacha alama nyeupe.

Nina maswali mawili. Nyama hai isiyo na damu inakula nini na inapumuaje? Na kwa nini nyama hiyo, tofauti na nyingine tunazozijua mwilini, iwe angavu, halafu ikiumia igeuke nyeupe? Foleni ilikuwa ndefu, nikaona haya kuendelea kumuuliza daktari.

#2 Mwalimu wa Ilula
Mpe pole mdogo wako. Nianze na chakula, maana hapo hakuna ubishi. Upande wa mbele konea huoshwa na machozi, na oksijeni ya hewani huyeyuka katika machozi hayo na kupenya moja kwa moja. Upande wa nyuma kuna majimaji safi yanayojaza nafasi iliyo kati ya konea na lenzi, nayo ndiyo huleta sukari. Ukilala na kope likafunika, oksijeni hutoka kwenye mishipa midogo ya ngozi ya ndani ya kope lenyewe. Safari si ndefu, kwa sababu konea katikati ina unene wa takriban nusu milimita tu, na upana wake ni kama milimita 12.

Ndani ya nusu milimita hiyo mna matabaka. Juu kuna ngozi ya seli zilizopangana safu tano au sita, ambayo hujisasisha yote katika muda wa wiki moja hivi. Chini yake kuna utando wa Bowman, kisha nyama ya kati iliyojaa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, nyama ambayo peke yake ni kama asilimia 90 ya unene wote, kisha utando wa Descemet, na mwisho kabisa safu moja ya seli zinazotazamana na yale majimaji. Mkwaruzo ulioishia kwenye ngozi ya juu hupona kwa siku moja hadi tatu bila kuacha dalili. Ukivuka utando wa Bowman, mwili huziba pengo kwa nyuzi zilizosokotana ovyo, na huo ndio weupe.

Kuhusu uangavu, fikiria shamba la mahindi lililopandwa kwa kamba. Ukisimama kichwani mwa mstari unaona hadi ng'ambo. Shamba lililotupiwa mbegu kiholela huoni hata hatua tano mbele. Nyuzi za konea zimepandwa kwa kamba, ilhali za kovu zimetupwa.

#3 Baridi ya Makete
Mwalimu, somo limeeleweka, ila Ilula tunayoijua sisi ni ya nyanya na vitunguu. Hayo mahindi ya kamba umeyaona wapi?

#4 Mpima Miwani, Iringa mjini
Namba 2 ameeleza vizuri, lakini mfano wa mahindi utawapotosha wasomaji, kwa sababu mwanga haupiti kwenye njia iliyo kati ya nyuzi kama mtu anayetembea kati ya mistari. Kila uzi una upana wa takriban nanomita 30, wakati mawimbi ya mwanga tunaouona yana urefu wa nanomita 400 hadi 700. Kila uzi hutawanya mwanga kidogo. Mwaka 1957 mtafiti wa macho David Maurice alieleza kwamba kwa kuwa nyuzi zina unene unaolingana na zimeachana kwa nafasi zinazolingana, mwanga unaotawanywa pembeni na uzi huu hufutwa na ule unaotawanywa na uzi wa jirani, na unaobaki ni ule unaokwenda mbele tu. Ushahidi mwepesi uko kwenye uso wako mwenyewe. Ule weupe wa jicho nao umejengwa kwa kolajeni, tena umeungana na konea bila pengo, ila nyuzi zake zina unene tofauti tofauti na zimelala kila upande, ndiyo maana hauoneshi kilicho nyuma yake.

Hata hivyo, waliomfuata Maurice walionesha kwamba mpangilio hauhitaji kuwa kamili kama alivyodhani. Inatosha nafasi zisizidi kipimo fulani kikilinganishwa na mawimbi ya mwanga. Utando wa Bowman wenyewe una nyuzi zisizo na mpangilio, na bado ni angavu.

#5 Mwalimu wa Ilula
Nimekubali kusahihishwa, mkuu. Mahindi nayarudisha ghalani.

#6 Kahawa ya Mbozi
Mimi naona mnaliacha jambo kubwa zaidi, ambalo ni maji. Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho miaka mitatu iliyopita na akaona vizuri. Baadaye akaanza kulalamika kwamba akiamka haoni sura ya mtu aliye mlangoni, anaona kama moshi wa jikoni umetanda, lakini ikifika saa nne asubuhi anasoma Biblia bila shida. Tulidhani anatafuta kisingizio cha kutochambua maharage. Daktari alipompima akasema kwamba ile safu ya mwisho ya seli, aliyoitaja mwalimu kwenye namba 2, imepungua. Kazi ya seli hizo ni kusukuma maji kuyatoa ndani ya konea mchana na usiku, maana nyama ile ya kati ina tabia ya kufyonza maji kama sifongo. Usiku macho yakiwa yamefungwa maji huongezeka, na asubuhi akifumbua macho, mengine hukauka kwa hewa, ndiyo maana ukungu unaondoka kadiri jua linavyopanda. Nyuzi za mama zimepangwa vilevile asubuhi na saa nne. Kinachobadilika ni maji.

#7 Baridi ya Makete
Huku kwetu hata mwenye macho mazima haoni mtu mlangoni asubuhi, na ukungu huondoka saa nne hiyohiyo. Mleteni mama Makete, atajiona amepona.

#8 Mpima Miwani, Iringa mjini
Namba 6, pole kwa mama. Ulichosema ni kweli, na nyongeza yake si ya kufurahisha: kwa binadamu seli zile hazizaliwi upya. Mtu mzima huwa nazo takriban 2,500 katika kila milimita moja ya mraba, na zinazokufa huachia nafasi jirani zake zinazotanuka kuziba pengo. Zikishuka hadi mia tano hivi, pampu inashindwa na konea inavimba. Umri huzipunguza, na upasuaji wowote ndani ya jicho hupunguza nyingine.

Ila sikubaliani nawe unaposema kwamba nyuzi zimepangwa vilevile. Maji yakiingia huzisukuma nyuzi ziachane kwa nafasi zisizolingana, na hapo tumerudi kwa Maurice.

#9 Kahawa ya Mbozi
Kwa hiyo umekubali kwamba bila pampu mpangilio haupo.

#10 Mpima Miwani, Iringa mjini
Na bila mpangilio pampu ingekuwa inakausha kitu cheupe. Papa ana konea angavu isiyovimba hata ikikosa pampu, kwa sababu ndani yake kuna nyuzi zilizoshona matabaka pamoja yasiachane.

#11 Mpunga wa Mbarali
Wote wawili mmeruka kitu alichokisema daktari wa namba 1, kwamba hakuna mishipa ya damu. Swali la kweli ni kwa nini mishipa haiingii, wakati imeizunguka konea pande zote kama wafugaji walivyozunguka mashamba yetu huku bondeni wakati wa kiangazi. Mwaka 2006 watafiti walionesha kwamba konea ina protini inayokamata ule ujumbe wa kemikali unaoita mishipa iote, ikaunyamazisha kabla haujafika. Panya walipoondolewa protini hiyo, mishipa iliingia. Tena kuna mnyama aliyethibitisha jambo hilo kwa maumbile yake: nguva wa kule Florida, Marekani, ana mishipa ndani ya konea, na protini hiyo hana, ilhali nguva wa Bahari ya Hindi anayo na konea yake ni safi. Kwa mtu, mishipa huingia pale tu panapokuwa na uharibifu mkubwa, kama kuungua au kidonda cha muda mrefu, na ikishaingia huleta majimaji na mafuta, kioo kikachafuka.

#12 Mwalimu wa Ilula
Hilo la nguva nimelipenda, lakini linajibu kwa nini konea haina damu. Swali la pili la namba 1 linabaki, kwa sababu kucha na gegedu navyo havina mishipa na huwezi kusoma gazeti kupitia navyo.

#13 Mama Ndizi, Tukuyu
Nawasoma kwa makini. Marehemu babu yangu alikuwa na chamba jicho la kushoto tangu utotoni, doa jeupe kama ganda la yai lililofunika mboni yote, na watoto wa pale nyumbani tulizoea kukaa upande wake wa kulia tukitaka atuone. Bibi alisema ni surua iliyopita kijijini. Ndugu yake babu alikuwa akisema surua haikumfanya kitu, kilichomharibu ni maji ya majani aliyokamuliwa jichoni alipokuwa anaumwa hiyo surua. Wengine walikuwa na maelezo yao ya kishirikina ambayo sitayaandika hapa. Je, ninyi mnaojua konea, yupi alikuwa na haki?

#14 Mkulima wa Igawa
Huo ni mtoto wa jicho, mama. Siku hizi unatolewa kwa dakika chache na kuwekewa lenzi.

#15 Mpima Miwani, Iringa mjini
Namba 14, hapana, na kosa hili nalisikia kila wiki. Mtoto wa jicho uko kwenye lenzi, nyuma ya mboni, na ukimtazama mgonjwa unaona weupe umekaa ndani ya tundu la mboni. Chamba kiko kwenye konea, mbele kabisa, na hufunika sehemu ya rangi ya jicho pia. Kubadilisha lenzi hakuondoi chamba, sawa na kubadilisha pazia la ndani huku kioo cha dirisha kimepakwa chokaa.

#16 Muuguzi wa Njombe
Mama Ndizi, huenda wote walikuwa na haki. Mwaka 1987 Foster na Sommer walichapisha utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania juu ya watoto wenye vidonda vya konea, na sababu walizozikuta ni pamoja na surua, upungufu wa vitamini A, virusi vya malengelenge na dawa za kienyeji za macho. Ugumu wake ni kwamba mara nyingi ni mtoto yuleyule. Surua huunguza akiba ya vitamini A mwilini hata kwa mtoto aliyekuwa anakula vizuri, konea hukauka na kulainika, macho yanauma, na kwa kuwa yanauma ndipo majani hukamuliwa. Baadaye kila mtu anakumbuka sehemu aliyoiona yeye. Ndiyo sababu ya chanjo ya surua ya miezi 9 na 18, na matone ya vitamini A ambayo watoto wa chini ya miaka mitano hupewa mara mbili kwa mwaka.

#17 Mpunga wa Mbarali
Na vikope je? Trakoma hugeuza kope zikaelekea ndani, zikawa zinaikwangua konea kila mtu anapopepesa.

#18 Muuguzi wa Njombe
Inawezekana, ila vikope huharibu konea polepole kwa miaka, na mara nyingi macho yote mawili. Babu alikuwa na chamba jicho moja tangu utotoni. Mimi ningeweka surua mbele.

#19 Mama Ndizi, Tukuyu
Asante, dada. Bibi angefurahi, ila upande wa babu nao watasema majani hayajatolewa kwenye orodha.

#20 Fundi Geti, Mafinga
Naomba niingie na kesi yangu. Mwaka jana nilichomelea geti mchana kutwa kwa miwani ya jua ya kawaida, kwa sababu kinyago nilikuwa nimemwazima mwenzangu. Jioni nilikula, nikaoga, nikalala vizuri. Saa sita usiku niliamka nikidhani mtu amenimwagia mchanga na pilipili machoni. Mke wangu alinikatia vipande vya kiazi akanibandika, na kesho yake usiku nikawa nimepona. Maswali yangu: kwa nini maumivu yalichelewa, na kiazi kilifanya kazi gani?

#21 Mwalimu wa Ilula
Mwanga wa kuchomelea una miali ya urujuanimno, na sehemu kubwa ya miali hiyo hunaswa na konea. Seli za juu hazifi papo hapo. Hufa na kubanduka baada ya saa 6 hadi 12, na zikibanduka huacha wazi ncha za mishipa ya fahamu, ambayo kwenye konea imesongamana kuliko kwenye ngozi yoyote ya mwili. Ndiyo maana hata unywele mmoja ukigusa pale unapiga kelele. Kwa kuwa ni ngozi ya juu tu, seli mpya husogea kutoka ukingoni mwa konea na kuziba ndani ya siku moja au mbili. Kiazi kilikupoza, mkuu, lakini ulipona kwa sababu ya kalenda.

#22 Fundi Geti, Mafinga
Mke wangu amesoma jibu lako na hajalipokea.

#23 Kyela Mwambao
Nami nina swali la konea ambalo si la ugonjwa. Tangu utoto tunaoga Ziwa Nyasa pale Matema, maji safi unaona mawe chini ukiwa umesimama kwenye mtumbwi. Ukizamia na kufumbua macho, kila kitu kinakuwa kama uji. Ukivaa miwani ya kuzamia unawaona samaki hadi magamba. Maji ni yaleyale. Kwa nini?

#24 Mpima Miwani, Iringa mjini
Swali zuri, na linanipa nafasi ya kusahihisha jambo ambalo wengi tulilibeba kutoka darasani, kwamba lenzi ndiyo inayokusanya mwanga. Nguvu ya jicho zima kupinda mwanga ni takriban daiopta 60, na kati ya hizo kama 43 ni za konea. Lenzi hufanya kazi ya kurekebisha tu, ili uone karibu au mbali. Konea hupata nguvu hiyo kwa sababu mwanga unatoka hewani na kuingia kwenye kitu kizito kuliko hewa. Ukiwa majini, konea na maji vinakaribiana sana kwa namna vinavyopinda mwanga, kwa hiyo karibu nguvu yote ya konea inapotea na unabaki na lenzi peke yake. Miwani ya kuzamia inarudisha hewa mbele ya konea, basi. Samaki hakutegemea konea tangu mwanzo. Lenzi yake ni duara kama gololi, na utaiona ukila kichwa cha mbelele.

#25 Kyela Mwambao
Ile gololi nyeupe ngumu? Nimeitafuna miaka yote bila kujua ni kifaa.

#26 Mpunga wa Mbarali
Lakini samaki uliyempika gololi yake ni nyeupe, na alipokuwa hai ilikuwa angavu. Moto haukuongeza damu wala maji. Umevuruga protini tu. Namba 6 ajibu hapo.

#27 Kahawa ya Mbozi
Namba 26, lenzi si konea. Umekatazwa kwenye namba 15.

#28 Muuguzi wa Njombe
Kuna aliyetaja chokaa kwenye mfano wa dirisha, nami nilikuwa nataka kufika hapo. Wanaopaka nyumba chokaa wajue kwamba ikiingia jichoni haiishii juu, bali huendelea kuyeyusha na kuzama ndani ya konea, kwa hiyo jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, nusu saa bila kuchoka, ndipo safari ya hospitali ianze. Mtu wa kwanza kupandikiziwa konea ikafanikiwa alikuwa kibarua aliyeunguzwa macho yote mawili na chokaa. Daktari wa macho Eduard Zirm alimfanyia kazi hiyo Desemba 1905 katika mji wa Olomouc, ambao sasa uko Jamhuri ya Czech, kwa kutumia konea ya mvulana wa miaka 11 ambaye jicho lake lilikuwa limeondolewa baada ya kuumia. Vipandikizi viwili viliwekwa, na kimoja kikabaki angavu.

#29 Mkulima wa Igawa
Kwa hiyo kibarua yule alibadilika rangi ya macho akawa na ya mvulana?

#30 Muuguzi wa Njombe
Hapana, rangi ya jicho iko nyuma ya konea. Konea haina rangi, na kwa kuwa haina damu, mwili wa mpokeaji huchelewa kuitambua kuwa ni ngeni. Ndiyo maana upandikizaji huu ulifanikiwa miaka mingi kabla ya ule wa figo.

#31 Mpunga wa Mbarali
Naomba namba 30 isomwe tena pale penye maneno "haina damu".

#32 Kijana wa Uyole
Nashukuru kwa michango yenu nyote. Nimerudi na habari za mgonjwa. Baba mdogo alikuwa amenunua dukani dawa ya matone aliyosifiwa na jirani, tukaipeleka kliniki kabla ya kuitumia. Daktari aliisoma, akaiweka kwenye droo yake na hakuturudishia. Ilikuwa na steroidi, ambayo hupunguza wekundu haraka mgonjwa akadhani anapona, huku fangasi walioingia na jani la mhindi wakiendelea kula konea kwa raha zao. Mdogo wangu alitibiwa kwa matone mengine kila saa, mchana na usiku, na mimi ndiye niliyekuwa naamka.

Sasa maumivu yameisha. Alama imebaki, ndogo kama kichwa cha pini, pembeni kidogo mwa mboni upande wa sikio. Mchana hajui kama ipo. Usiku mboni ikipanuka kuifikia, taa za bodaboda humtawanyikia kama nyota zenye miiba. Safari hii nilimuuliza daktari moja kwa moja kama weupe ule ni wa nyuzi kukaa ovyo, au maji, au mishipa iliyopata njia. Alivua miwani, akaifuta kwa koti, akasema foleni bado ni ndefu.